Kabla hujaiposti ndege yako, ipime

Umeiona video hiyo. Kama si ile moja, basi nyingine inayofanana nayo. Kijana ameunda ndege kwa mabati, vyuma chakavu na injini ya pikipiki. Watu wamejaa uwanjani, simu ziko juu, watoto wanashangilia. Injini inanguruma, ndege inasonga hatua chache, halafu inakwama. Kufikia jioni video imesambaa kote. "Apewe skolashipu huyo!" "Serikali iko wapi?" Wiki mbili baadaye kila mtu amesahau, na ndege imebaki nyuma ya nyumba kuku wakitagia ndani.

Mimi simcheki kijana huyo. Ana bidii kuliko wengi wetu tunaokesha tukiskroli. Wa kulaumiwa ni sisi mashabiki. Tunampigia makofi kwa sababu kitu chake kinafanana na ndege, na hakuna hata mmoja wetu anayemuuliza: ina kilo ngapi? Mabawa yana eneo gani? Kitovu cha uzito kiko wapi? Angeulizwa maswali hayo mapema, pengine leo angekuwa na ndege ndogo inayopaa kweli.

Kwa hivyo wacha nikwambie msimamo wangu bila kuzunguka. Kama una ndoto ya ndege, weka kando kwanza ile ya kubeba mtu. Anza na ndogo ya rimoti. Na unapochagua, usichague ya kivita wala usikimbilie droni. Unda ndege ya mizigo. Ikate mwenyewe, ipake rangi mwenyewe, ifunge mitambo na uirekebishe mwenyewe hadi ipae na itue ikiwa nzima. Halafu ndio uiposti.

Mbona ya mizigo? Tuanze na droni, kwa sababu najua ndiyo mnaitaka. Droni ya mota nne inaelea kwa sababu kompyuta ndogo iliyo ndani yake inarekebisha kasi ya kila mota mara mamia kwa sekunde. Ukiachilia rimoti, inakaa pale pale ikikungoja. Ni chombo kizuri, na kuna wasee wanalipa kodi ya nyumba kwa kupiga picha za harusi nacho. Lakini haikulazimishi kuelewa ni nini kinachoishikilia hewani. Ndege ya kivita nayo ina mabawa mafupi na kasi kubwa. Ukikosea mara moja, unarudi nyumbani na mfuko wa vipande.

Ndege ya mizigo ina subira. Mabawa yake ni marefu na yamekaa juu ya mwili, kwa hivyo ikiyumba kidogo huelekea kujisawazisha. Tumbo lake ni pana, utapata pa kuweka betri na utaweza kuisogeza mbele au nyuma. Inaruka polepole, unapata muda wa kufikiri. Lakini pia haidanganyiki. Kazi yake ni kubeba uzito, kwa hivyo inakulazimisha kuuhesabu.

Mfano mzuri wa kuiga tunao hapa nyumbani. Kama ulilelewa Eastlands, waulize wazazi wako kuhusu ndege za jeshi zilizokuwa zikipita juu ya mapaa zikielekea kambi ya Eastleigh. Miongoni mwake ilikuwa DHC-5 Buffalo, yaani Nyati, iliyotumikia Jeshi la Wanahewa la Kenya kwa miaka mingi. Iliundwa na kampuni ya de Havilland ya Kanada na ikaruka mara ya kwanza mwaka wa 1964. Ina injini mbili, mkia wenye umbo la herufi T, na sifa yake kuu ni kupaa na kutua kwenye uwanja mfupi wa udongo ambako ndege nyingine kubwa hazithubutu.

Sasa chukua kalamu. Mabawa ya Nyati halisi yana upana wa mita 29.26 kutoka ncha hadi ncha, na mwili una urefu wa mita 24.08. Gawa kwa 20. Unapata mabawa ya sentimita 146 na mwili wa sentimita 120. Ukubwa huo unaingia kwenye matatu ukibomoa mabawa, ingawa makanga atakudai nauli ya abiria wa pili.

Unakumbuka ile mada ya Kidato cha Pili kuhusu uwiano wa eneo na uwiano wa ujazo, ile tuliyouliza "hii nitaitumia wapi maishani"? Utaitumia hapa. Urefu ukipungua mara 20, eneo la mabawa hupungua mara 20 kwa 20, yaani mara 400. Nyati halisi ina mita mraba 87.8 za bawa, yako itakuwa na 0.22 hivi. Lakini uzito unafuata ujazo, yaani 20 kwa 20 kwa 20, mara 8,000. Nyati iliyojaa mizigo ina tani 22 na ushei. Gawa kwa 8,000 na unapata kilo 2.8.

Kilo 2.8 ni nyingi kwa anayeanza. Ndege nzito inahitaji kasi zaidi ili isianguke, na kasi ndiyo inayovunja vitu. Lenga kilo moja, pamoja na betri. Andika hiyo namba ukutani. Kila kitu utakachobandika kwenye ndege kipimwe kwanza kwa mizani ya jikoni, na kiandikwe kwenye daftari. Ukifanya hivyo wiki moja tu utaelewa mbona ndege ya mabati haipai. Mwenyewe hakukosa akili wala bidii. Hakuwa na mizani.

Vifaa havihitaji miujiza. Mwili na mabawa unaweza kuyakata kutoka kwenye ule ubao mwepesi wa povu wa milimita 5, wenye karatasi pande zote mbili, ambao wanafunzi wa usanifu majengo hutengenezea vielelezo. Duka kubwa la vifaa vya kuandikia halikosi. Kata kwa wembe mpya, si ule uliofungulia maboksi mwezi mzima, kwa sababu wembe butu huchana povu badala ya kulikata. Ndani ya bawa pitisha uti wa mgongo, kijiti chembamba cha mbao au bomba jepesi la alumini, kwa sababu hapo ndipo uzito wote wa ndege utakaponing'inia. Vijiti vya mishikaki vinaimarisha mkia. Gundi ya moto inashika haraka, lakini ni nzito, kwa hivyo weka mstari mwembamba, usimimine kama supu.

Mitambo itakugharimu. Unahitaji mota mbili za umeme zisizo na brashi, vidhibiti-kasi viwili, servo nne ndogo za gramu 9, risiva, rimoti, chaja, na betri ya lithiamu ya seli tatu, volti 11.1. Zunguka maduka ya elektroniki ya katikati ya jiji, kuanzia Luthuli Avenue, ulinganishe bei kabla ya kutoa hata shilingi.

Najua utasema huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Hebu tuhesabu kwa haki. Jumla yake inakaribia bei ya simu ya kadiri, zile tunazozilipia kidogo kidogo kila siku hadi tunasahau tulianza lini. Na si lazima ununue peke yako. Watu watano mkichanga, rimoti na chaja zitawatumikia kwa miaka na kwa ndege nyingi. Kitakachovunjika ni povu, na povu ni rahisi. Mtaani tunachanga kwa ajili ya jezi na mechi za wikendi, kwa hivyo kuchanga tunakujua.

Sasa rangi. Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi nilikuwa wa kwanza. Rangi nyingi za kupuliza za kopo, na zile za kuchanganywa na thina, hula povu. Unapuliza, unageuka kuchukua kitambaa, ukirudi bawa lina mashimo kama chapati iliyoungua. Tumia rangi ya maji, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Pia usiige rangi za jeshi kwa kila kitu. Ndege halisi ya kivita hupakwa rangi ili isionekane. Yako inafaa ionekane. Ikiwa mita 100 juu, kijivu chote hugeuka kuwa kivuli, na hutajua kama inakuja au inaenda. Paka juu rangi ya kung'aa na chini rangi nyeusi au mistari minene. Macho yako yatakushukuru.

Kisha kumbuka kwamba rangi ina uzito. Mkia wa ndege hii uko karibu sentimita 60 nyuma ya kitovu cha uzito. Ukiongeza gramu 10 za rangi huko, utahitaji gramu 20 za ziada sentimita 30 mbele ya kitovu ili kuzisawazisha. Ni hesabu ya bembea ya ubao, mtoto mdogo akikaa mwishoni kabisa anamwinua mkubwa aliyekaa karibu na katikati. Kila tabaka la rangi unaloongeza mkiani unalilipia mara mbili.

Nakwambia haya kwa sababu yalinipata. Ndege yangu ya kwanza niliipaka bendera kwenye mkia. Tabaka la kwanza halikukolea, nikaongeza la pili. La pili halikung'aa, nikaongeza la tatu. Jumamosi ikafika, mbogi nzima imekuja, simu zimetolewa, jua la asubuhi ni zuri kwa video. Mmoja wao akaniuliza, "Umeshaipima?" Nikamwambia tutapima baadaye, mwanga unaondoka.

Ilipaa. Kwa sekunde mbili hivi nilikuwa mtu mashuhuri. Halafu pua ikainuka yenyewe, ikainuka zaidi, mabawa yakapoteza mshiko wa hewa, na ndege nzima ikaanguka upande wa kushoto, propela zikiwa bado zinazunguka. Ilidondoka hatua nne au tano kutoka kwa mvulana mdogo aliyekuwa amekuja kutazama. Hakuumia. Alicheka, akadhani ni sehemu ya maonyesho. Mimi sikucheka. Nilimsindikiza hadi kwao, na mama yake alinisemesha kwa adabu ambayo sikuistahili. Video ile haijawahi kupostiwa na haitapostiwa.

Ndiyo maana nasema swali la "umeipima?" lina uzito kuliko makofi yote. Na jibu lake si gumu, linataka dakika chache tu za unyenyekevu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Bawa lako lina upana wa wastani wa sentimita 15 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kitovu cha uzito kinafaa kiwe karibu robo ya hapo, yaani kama sentimita 4 nyuma ya ukingo wa mbele. Weka alama chini ya mabawa yote mawili. Betri ikiwa ndani, inua ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Ikikaa sawa, au pua ikilala chini kidogo tu, uko fiti. Mkia ukishuka, usiirushe. Sogeza betri mbele, upime tena. Ndege nzito puani hutua vibaya, lakini nzito mkiani haitii usukani kabisa.

Mitambo nayo ina utaratibu wake. Unapoirekebisha mezani, toa propela kwanza. Propela ya inchi 8 inayozungushwa na mota ya umeme haitofautishi kidole na hewa. Washa rimoti kabla ya kuunganisha betri ya ndege, na wakati wa kuzima anza na betri ya ndege. Simama nyuma ya ndege, usukume kijiti kulia: kibawa cha kulia kiinuke, cha kushoto kishuke. Vuta kijiti kwako: usukani wa mkia uinuke. Utacheka ukisikia ni ndege ngapi huanguka kwa sababu hii tu, vibawa vinaenda kinyume na mwenyewe hakucheki. Linganisha vidhibiti-kasi viwili ili mota zianze na kupanda kasi pamoja, la sivyo ndege itapinda kuelekea upande mvivu. Mwisho, panga risiva ili mawasiliano yakikatika mota zizime. Jaribu kwa kuzima rimoti makusudi, ndege ikiwa imeshikwa chini na propela hazipo.

Betri za lithiamu ziheshimu. Usichaji ukiwa umelala, wala usichaji iliyovimba. Seli moja ikijaa ni volti 4.2, na usiiache ishuke chini ya 3.5. Ukiihifadhi kwa siku kadhaa, iache kwenye 3.8 hivi.

Halafu kuna sheria, na hapa lazima tuwe wakweli pande zote mbili. Nairobi ina JKIA, Wilson na kambi ya Eastleigh, zote ndani ya jiji moja. Ndege zenye watu hupita chini juu ya mitaa yetu mchana kutwa. Huwezi kuamka tu ukarushe kitu cha kilo moja kutoka kwenye paa la ploti. Mamlaka ya Usafiri wa Angani, KCAA, ina kanuni za mwaka wa 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani ndani. Kabla ya kurusha chochote, hata kuagiza vifaa kutoka nje, waulize kuhusu usajili, ruhusa na mahali panapokubalika. Usingoje kukamatwa ndipo usome.

Lakini KCAA na kaunti nao wasikie upande wetu. Kijana akiambiwa "hapa hapana, pale hapana", aambiwe pia ni wapi. Kila kaunti ina viwanja visivyotumika Jumapili asubuhi, mbali na njia za ndege, ambavyo vingeweza kutengwa kwa saa tatu chini ya msimamizi. Vyuo vya kiufundi vina karakana zinazofungwa wikendi nzima. Na katika maonyesho ya sayansi ya shule, mwanafunzi akileta mfano wa ndege, waamuzi wamuulize namba: uzito, eneo la bawa, kitovu. Asipokuwa nazo asifukuzwe, apewe mizani na aambiwe arudi kesho. Huko ndiko kumsaidia kijana. Kumpa cheti na picha na mheshimiwa halafu kumsahau ni kumtumia.

Utaniuliza, "Na hii itanipa kazi?" Sitakudanganya. Ndege ya povu haitakuandikia barua ya ajira. Lakini cheki jirani zetu. Tangu 2016, kule Rwanda, ndege ndogo za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu hospitalini. Zina mabawa kama ndege ya kawaida, hazina rubani ndani, na mzigo hudondoshwa kwa parachuti ndogo. Ukizitazama vizuri, hizo ni ndege za mizigo, tena za kubebwa na watu wawili mikononi. Mahali fulani kuna fundi anayezipima kabla hazijapaa, kwa sababu akikosea kuna mgonjwa anayengoja. Fundi huyo alijifunza mahali. Sisi tunajifunzia wapi?

Na hata usipoigusa ndege maishani tena, tabia ya kupima haitakuacha. Utaiona kwenye biashara yako ya mitumba, kwenye ukuta anaoujenga fundi wako, kwenye ahadi za wanasiasa. Utaanza kuuliza kilo ngapi, shilingi ngapi, nani alihesabu. Nchi hii ina miradi mingi iliyozinduliwa kwa makofi na haikupaa.

Basi, wikendi hii tafuta wenzako wanne, kalamu, daftari na mizani ya jikoni. Chora Nyati yako. Ikiwa tayari, mbebe kwanza kwa vidole viwili, kimya kimya, kabla hujamwita mtu yeyote mwenye simu. Mkia ukishuka, rudi mezani. Ukikaa sawa, omba ruhusa, nenda uwanjani mapema kabla ya upepo kuamka, na watoto wakae nyuma yako, mbali.

Ikipaa na kutua, nitumie video. Na mimi nitakuuliza ina kilo ngapi.